Siku Ambayo Mvua Hakulia

Mvua alisimama mlangoni, macho makavu.

"Simu yako haipatikani, mwalimu," alisema. "Naomba twende wote. Mara moja."

Mwalimu aliweka chini kikombe cha chai. Kumbe binti huyu ameamua kuja! Wenzake wote walikwisha kufanya mtihani wakafaulu. Alibaki yeye, nesi aliyebandikwa jina la Mvua kwa sababu katika kila zoezi alimwaga machozi kabla hata ndugu wa mgonjwa hajaketi.

Na mkubwa wa hospitali alikuwa ameshatamka: akifeli hata mmoja, kozi ya mwalimu inafungwa. Mwenyewe aliiita "kozi ya kutabasamu". Mwalimu alicheka naye aliposema hivyo, kisha akaenda kujifungia chooni. Umri wake haukuwa tena wa kuzunguka na bahasha ofisi za watu. Kozi ikifa, kazi imekwisha, na hakuwa na nyingine.

Maisha yake yote alikuwa mhudumu wa ndege. Kampuni yao ilipofilisika, kila mtu alichukua ujuzi wake akatafuta pa kuupachika. Fundi wa injini sasa anatengeneza majokofu. Mwongoza ndege anapokea simu za dharura za magari ya wagonjwa. Rubani, yule aliyekuwa hasalimii mtu, anauza bima mlango kwa mlango na siku hizi anasalimia hadi paka. Yeye alileta hospitalini kitu pekee alichokijua: namna ya kuutuliza uso ndege inapotikisika, ili abiria akikutazama apate pa kushika. Kwa ujuzi huo akawafundisha manesi kupeleka habari za msiba.

Mazoezini yeye mwenyewe ndiye alikuwa mama wa marehemu. Na mtihani ulikuwa na sharti moja, kwamba hautangazwi. Nesi atamfuata popote alipo, atamchukua, ataanza. "Ndege haikupigii hodi kabla ya kutikisika," aliwaambia. Siku za mtihani alizima simu yake, kama alivyokuwa akiwaamuru abiria wazime zao zamani.

Walipita kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje. Mvua alitembea kando yake, si mbele yake. Vizuri. Alimfungulia mlango wa chumba kidogo chenye viti viwili vinavyotazamana. Pazia lilikuwa limefungwa na glasi ya maji ilikuwa mezani. Vizuri sana.

"Keti, mama." Sauti ilikuwa ya chini, isiyo na haraka. "Kuna mtu tumwite aje akae nawe?"

"Hakuna," akajibu mwalimu kwa sauti ya mama wa mazoezini.

Ila safari hii jibu lilikuwa la kweli. Mwanawe wa pekee alikuwa amehama nyumbani baada ya ugomvi. Alikuja kumwambia kwamba ameachishwa kazi, naye mama akamsikiliza kwa upole, kichwa upande kidogo, kama alivyozoea. "Usinitabasamie kama abiria!" kijana alifoka, akabeba begi lake. Maneno yale yalimkaa mwalimu kooni mpaka leo, na usingizi wake haukuwa usingizi tena. Alikuwa amepanga kumpigia jioni, mtihani ukiisha, amwombe radhi. Angemwita Kinda, jina lao wawili tu, ambalo kijana alimkataza kulitaja mbele za watu tangu alipoanza shule.

Mvua alivuta kiti karibu.

"Mama, nina habari mbaya. Pikipiki aliyopanda mwanao imegongana na lori. Aliletwa hapa akiwa bado anapumua. Madaktari wamefanya kila walichoweza." Akavuta pumzi. "Mwanao amefariki."

Amefariki. Hakusema hali si nzuri, hakuzunguka mbuyu. Kisha akanyamaza, akauacha ukimya ukae, jambo ambalo hata wale hodari liliwashinda. Machozi hayakutoka. Mkono mmoja ulivuka meza taratibu ukashika wa mwalimu.

Ni mwalimu aliyetaka kulia. Kozi imepona! Na aliyeiponya ni huyu huyu ambaye kila mtu alikuwa amemkatia tamaa.

"Mwanangu," alisema, akiivua ile sauti ya msiba, "nimeruka na watu waliozeekea angani, na hakuna hata mmoja aliyeweza hivi. Umefaulu!"

"Mama..."

Mwalimu alimwinulia kiganja. "Ngoja. Sifa zako kwanza. Umeniweka kitako, umeniandalia maji, umesema neno lenyewe. Na hukulia, Mvua! Wenzako hawatanisadiki."

Mvua hakutabasamu. Mkono wake ulibaki pale pale.

"Kosa ni moja tu," mwalimu aliendelea, sasa akicheka. "Hukutaja jina. Nimewaambia mara ngapi? Marehemu si mgonjwa wa kitanda fulani, ana jina lake. Haya, litaje tumalize."

Mvua aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono yote miwili.

"Alipoletwa hakuwa na kitambulisho," alisema. "Alituambia tu kwamba mama yake anafundisha hapa. Akatuomba tumwambie ni Kinda."