Kome wa Mama Spès

“Mgeni ndiye anayeanza,” alisema Mama Spès, akafunua sufuria.

Mvuke ulipanda ukinukia kitunguu saumu. Ndani walijazana kome weusi, magamba yamefunguka, nyama zao za rangi ya chungwa zikichungulia. Thérèse alishika kijiko, kisha akakirudisha mezani polepole.

Kati ya vyakula vyote vya Johannesburg, mji usio na hata tone la bahari, mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa amempikia hiki.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia, na ndiyo mara ya kwanza Thérèse, mzaliwa wa Lubumbashi, kuingia katika nyumba hii ya Warundi mtaani La Rochelle. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na njia nzima kutoka Hillbrow, alikoishi, alirudia salamu za Kirundi kimoyomoyo. Kazi yake ilikuwa utafiti katika maabara ya chuo kikuu. Alipima sumu ya mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao ukizidi hugeuza maji ya bahari kuwa mekundu. Kome huumeza wala hawadhuriki. Anayewala kome ndiye hudhurika: midomo hufa ganzi, kisha mikono, kisha pumzi.

“Umewapata wapi, Mama?” aliuliza kwa upole.

“Kwa mpangaji wetu mpya, dereva wa lori, hata Armel hajamwona. Amewachuma mwenyewe kwenye miamba, huko Pwani ya Magharibi. Juzi tu.”

Wiki nzima sampuli za pwani hiyohiyo zilikuwa zikiingia maabara katika masanduku ya barafu, za leo mbaya kuliko za jana. Kila jioni Thérèse alimsimulia Armel, mchumba wake, kwenye simu. Sasa akamtazama. Armel akatazama kitambaa cha meza.

“Nisamehe, Mama. Hawa hawaliki. Bahari ya kule ina sumu.”

“Nimewaosha mpaka maji yakawa meupe. Nimewachemsha mpaka gesi ikaisha.”

“Sumu hii haiogopi moto, Mama.”

Mama Spès alikunja mikono kifuani. Alimgeukia mwanawe. “Armel, mchumba wako unamsikia? Wewe unasemaje?”

Armel alicheka kicheko kikavu. “Eish, Mama, huyu anapenda kazi yake mpaka anakuja nayo mezani.” Kisha akamwinamia Thérèse, akanong'ona: “Kula mmoja tu. Usiniaibishe.”

“Mmoja anatosha kuua. Nimekwambia wiki nzima.”

“Mama yangu hajawahi kumdhuru mtu kwa chakula!” Armel alisema kwa sauti ili asikike. Akachukua kome, akamwinua hadi mdomoni.

Thérèse alimpiga kofi mkononi. Kome akaruka, akagonga picha ya Bikira Maria ukutani, akatumbukia nyuma ya televisheni.

Basi, alijiambia Thérèse, ziara imeshaharibika. Acha iharibike kabisa. Akabeba sufuria, akatoka nayo uani, akaimwaga yote kwenye pipa la taka. Hapo akawakumbuka wazoa taka wanaopita na mikokoteni yao wakifunua kila pipa. Akaingia jikoni, akachukua pakiti ya sabuni ya unga, akatoka tena, akawamiminia kome mpaka wakawa weupe kama waliopakwa unga.

Alirudi sebuleni. Akachukua mkoba wake.

“Mama, nimekuvunjia heshima ndani ya nyumba yako, na ninajua. Lakini ningenyamaza, leo hii tungekuwa hospitali.”

“Unaenda wapi?” Armel alifoka, akainuka na kumnyooshea kidole. “Piga magoti kwanza! Mwombe mama yangu msamaha!”

Mama Spès aliinuka, akamshika Thérèse mkono, akamketisha palepale alipokuwa ameketi.

“Kaa, binti yangu. Wale kome ni wa supamaketi, wa kwenye pakiti, wamepimwa wakapitishwa. Hatuna mpangaji dereva hapa. Habari za sumu ya pwani ile Armel alinisimulia.”

Thérèse alimkodolea macho. Alihisi kicheko na hasira vikipanda pamoja. “Kumbe Mama ulikuwa unanipima?”

“Wewe? Nikupime wewe wa nini?” Bila kumwachia Thérèse mkono, Mama Spès alimwelekezea kidevu Armel, aliyekuwa bado amesimama, kidole kikiwa hewani. “Nilitaka umwone huyu mwanangu kabla hamjafunga ndoa. Sasa umemwona. Bado unamtaka?”