Inalia Jumapili Saa Kumi

Naim alikuwa ameifungua ile UPS mara mbili na hakuona ugonjwa. Akarudisha skrubu, akafuta vumbi, akachomoa plagi ukutani. Kile kisanduku kikashika kazi papo hapo. Kikawa kinatoa mlio mmoja kila baada ya sekunde chache, kuonyesha stima haipo, na kompyuta ikaendelea kuwaka kwa nguvu ya betri. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini.

"Mama, hii ni nzima kabisa," alisema akirudisha plagi. "Betri yake ina nguvu kunishinda mimi."

"Ngoja saa kumi," Mama Nasike, mwenye nyumba, akajibu. "Nataka usikie vile inalia."

Hapo ndipo alipomchosha Naim. Wiki nzima Naim alikuwa amemwambia kwa simu kwamba angekuja Jumatano, mama akakataa katakata: ni Jumapili, saa kumi. Tena Kitale imejaa mafundi, hata hapa mtaani Kibomet wapo wawili kando ya barabara, lakini mama huyu akamtoa yeye Naim huko Bungoma aje na pikipiki yake njia yote hiyo. Wazee nao! Ukiwauliza sababu, wanakuongezea chai.

Na chai aliongezewa. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, kila kiti na kitambaa chake cheupe, na ilionekana wazi kwamba viti hivyo havikaliwi. Kikombe alichopewa kilikuwa bado na karatasi ya dukani chini yake. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa ya kijana aliyevaa suti, ameshika begi, na watu wa kanisa wamejaa nyuma yake.

"Derrick wangu huyo," mama alisema. "Siku ya kwenda Kanada. Kanisa lote lilimchangia. Tukamwombea, tukachinja kuku mpaka wa jirani. Miaka minne sasa. Hupiga kila Jumapili saa kumi, namuona hapo kwa kompyuta. Lakini hizi Jumapili za karibuni, tukianza tu kuongea, hiyo kitu inalia, inazima, basi. Mpaka Jumapili ingine."

"Na katikati ya wiki?"

"Katikati ya wiki nangoja Jumapili."

Alisema hivyo bila kujihurumia. Naim akatazama chai yake. Mama yake mwenyewe alikuwa anaishi mtaa wa pili kutoka dukani kwake, hapo nyuma ya msikiti, na yeye aliweza kumaliza wiki mbili bila kumwona. Aliona aibu, aibu kweli.

Ilipokaribia saa kumi, mama aliingia chumbani, akarudi amebadilisha kitambaa cha kichwa. Kompyuta ikaita.

"Mama, mulembe!"

"Mulembe, mwanangu. Umekula?"

Derrick alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu, na nyuma yake ukuta mtupu. Kulikuwa na mngurumo fulani huko aliko, haukatiki.

"Ni mashine ya kupasha nyumba joto," alisema, kabla hajaulizwa. "Baridi ya huku si mchezo, mama."

"Pole, mwanangu. Ujifunike vizuri."

Mama alikuwa ameanza kumweleza habari za mtamba wa jirani aliyezaa mapacha, Derrick anacheka, wakati ule mngurumo ulipozama polepole, ukanyamaza. Mlio ukaanza. Mmoja. Mwingine. Halafu haraka haraka.

"Unasikia?" mama alinong'ona, akimshika Naim mkono. "Sikiliza vizuri, fundi."

Naim aliinama, akaweka sikio kwenye UPS. Kimya. Taa yake ya kijani imetulia. Taa ya dari inawaka. Akasogeza sikio kwenye spika ya kompyuta, na mlio ukamjaa kichwani. Ukawa mlio mmoja mrefu, Derrick akaganda na mdomo wazi, kisha akapotea.

Naim alibaki ameinama vile vile. UPS inayolia haikuwa hii. Ilikuwa ya Derrick, huko aliko, na stima ilikuwa imepotea huko. Na ule mngurumo, sasa ulivyokatika, aliujua. Ni mashine ya kusaga mahindi. Ameusikia Bungoma tangu utotoni, na anajua jinsi unavyozama stima ikienda. Kanada gani hiyo?

Mama alikuwa bado anaitazama kompyuta, amekunja mikono mapajani. Utamwambiaje mtu kama huyu? Hapana, aliamua. Atasema ni waya, apande pikipiki yake aende zake.

"Mama," alianza, "nafikiri kuna waya umelegea..."

"Wacha waya." Mama Nasike aliinama, akavuta boksi kutoka chini ya kiti. Ndani mlikuwa na betri mpya, haijaguswa. "Umeisikia kwa masikio yako. Haimalizi dakika, inazima. Si inataka betri?"

"Inataka betri," Naim akasema.

"Na hii itaingia kwa hizo UPS ndogo ndogo?"

"Itaingia."

"Basi mpelekee Derrick. Ni hapo kwenu Bungoma, pale Myanga, mlango wa pili nyuma ya mashine ya kusaga." Akamwekea boksi mikononi. "Utatafuta cha kumwambia, kudanganya kidogo unajua, nimeona. Lakini usinitaje, tafadhali. Akijua najua, hatapiga tena."