Mwalimu Mpya wa Kiingereza

"Must not," alisema Notburga. "Si lazima."

"Marufuku," alisema Egidi, kwa mara ya sita asubuhi hiyo. "Must, lazima. Must not, marufuku. Haya, sema."

Alisema. Baada ya dakika tano akakosea tena palepale. Egidi alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na minne, na alidhani anayajua makosa yote ya wanafunzi. Hili hakuwahi kukutana nalo. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena.

Zilibaki siku mbili. Jumamosi wazazi wangekuja kusikiliza somo la Kiingereza, ndipo waamue kama watoto wasome hapa au katika sekondari nyingine mpya, upande wa pili wa mji wa Mbinga. Siku hizo kila aliyepata ghala tupu alifungua shule. Ghala hili lilikuwa la chama cha ushirika, na madarasa bado yalinuka kahawa. Othmar, aliyelikodi, alisema wazi: wasipotimia wanafunzi thelathini, Jumatatu anarudisha ufunguo. Egidi alikuwa ameacha kazi serikalini kwa ajili ya shule hii. Kule hakukuwa na kurudi.

Na bado Othmar hakutaka Egidi ndiye asimame mbele ya wazazi. Alikwenda misheni, akaingia chumba cha ushonaji, akamtoa Notburga.

"Fundi cherehani, mzee?" Egidi alimwuliza. "Hata 'may' haijui."

"Wewe mfundishe. Mengine niachie mimi."

Bidii Notburga alikuwa nayo, Egidi hakulikana hilo. Kila siku alifika kabla ya saa moja, akaamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaandika kila neno kwa mwandiko ulionyooka kama mshono. Wakafikia sura ya nyumba ya Kiingereza: fireplace, chimney, attic. Egidi aliyajua maneno hayo kwa kichwa, ingawa vitu vyenyewe hakuwahi kuviona.

"Chimney ni bomba la kutolea moshi," alisema.

"Linasafishwaje?"

"Kitabu hakisemi."

Notburga aliitazama picha kama nyumba anayoijua, akanong'ona neno la lugha ya kwao.

"Mwalimu, nikikosea mbele yao?"

"Usikosee."

Jumamosi mabenchi yalijaa. Wengine walitoka Tingi, wengine mwambao wa ziwa, na vumbi la safari bado lilikuwa kwenye viatu vyao. Notburga alisimama katika gauni alilolishona mwenyewe. "You may sit down," akasema, na wanafunzi kumi na mmoja waliokuwepo wakakaa. "May I go out?" aliuliza mmoja. "Yes, you may." Wazazi walitazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Benchi la nyuma, kando ya Othmar, Egidi alikuwa akisogeza midomo, akiitangulia kila sentensi.

Kisha Notburga akaandika ubaoni: You must not come on Sunday. Akageuka.

"Maana yake, si lazima mje Jumapili."

Wanafunzi wakainamia madaftari. Egidi alijiambia anyamaze. Othmar, kana kwamba amemsikia, alimbana goti. Lakini kalamu kumi na moja zilikuwa zikiandika uongo, na hilo lilimshinda.

"Samahani," alisema, tayari amesimama. "Hiyo si 'si lazima'. Ni marufuku. Marufuku kuja Jumapili."

Notburga uso ulimwiva hadi masikioni, chaki ikamvunjikia mkononi. Othmar alifumba macho.

Benchi la mbele alikaa Tobias, mvuvi wa Mbamba Bay, mtu wa maneno, ambaye wenzake wa ziwani walikuwa wamekuja kusikia yeye ataamua nini. Aligeuka polepole, akamtazama Egidi kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kwenu wapi, Mwalimu?"

"Mbuji, huku huku milimani."

"Mbuji!" Tobias alijipiga paja, akaangua kicheko, na mabenchi yote yakamfuata. "Bwana Othmar, waandike watoto wangu wote watatu. Na huyu mkalishe chini. Jamani, Mmatengo wa Mbuji anamfundisha Mzungu Kiingereza!"