Mstari wa Chini Yake

Alhamisi asubuhi Earline Gatlin alikwenda dukani kununua magazeti yote. Si moja, yote. Duka lilikuwa moja tu upande wetu wa reli, upande wa weusi, kwa hiyo kazi yenyewe haikuwa kubwa.

"Yamekwisha," akasema mwenye duka. "Kuna mtu kayabeba yote alfajiri."

"Nani huyo?"

"Mama, mimi nauza, siulizi."

Earline akarudi nyumbani roho mkononi. Jumatatu alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani, akaenda kimyakimya mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Karani, mzungu mmoja mwenye mafua, alimpa fomu yenye maswali ishirini na moja, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba jina lake litachapwa katika gazeti la Alhamisi wiki mbili mfululizo. Ndiyo sheria ya Mississippi. Jimbo linapenda watu wajulikane.

Na mtu mweusi akishajulikana kuwa anataka kura, kazi hana. Mumewe, Cleotha, alikuwa ameendesha trekta la Bwana Hollis miaka kumi na tisa, na nyumba waliyolala ilikuwa ya Bwana Hollis mpaka misumari yake. Cleotha alishasema zamani: "Kura tuwaachie wenye nyumba zao."

Sasa angemwambiaje? Siku tatu maneno yalimfika kooni yakarudi. Hakujuta hata chembe, ila aliona aibu. Tena wiki hiyo mume alikuwa mwema ajabu. Aliosha vyombo, Cleotha yule yule! Jana alikuja na maboksi matupu sita.

"Ya viazi," akasema.

Viazi vyenyewe vilikuwa bado kuchipua.

Adhuhuri gari la Bwana Hollis likasimama mlangoni. Akashuka, gazeti mkononi, uso umemwiva.

"Earline, mumeo yuko wapi?"

"Si yuko shambani kwako, bwana?"

"Hayupo. Fungasheni. Jua likizama nataka nyumba yangu."

Earline alifuta mikono kwenye aproni.

"Bwana Hollis, Cleotha hana kosa. Hajui lolote, maskini, naapa. Ni mimi niliyekwenda kujiandikisha, peke yangu. Nifukuze mimi, yeye muache na trekta lake."

Bwana Hollis akamtazama kama mtu aliyesemeshwa na kuku.

"Na wewe?"

Akaliinua gazeti tena, taratibu. Kidole chake kilikuwa kimekomea kwenye jina la Cleotha Gatlin. Mstari wa chini yake hakuwa ameusoma.