Mkanda wa Mzee Kibwana

Umeme wa mji ulijua kila kinachoshonwa. Ukiweka nguo iliyokwisha kuvaliwa, cherehani inagoma. Kutia kiraka lilikuwa kosa. Nguo ikichanika, ununue mpya.

Bi Zamda alikuwa na cherehani ya miguu, ya marehemu mama yake. Hiyo haikumuuliza mtu kitu. Unakanyaga chini, gurudumu kubwa linavuta mkanda wa ngozi, mkanda unazungusha gurudumu dogo la juu, sindano inashuka.

Afisa Lukindo alikuja akaukata ule mkanda, akautia mfukoni.

"Sasa ni pambo, mama. Pambo hatulichukui."

"Ahsante, mwanangu. Karibu tena."

Wiki iliyofuata alirudi, akasikia cherehani inalia tangu mlangoni. Bi Zamda alikuwa anatia kiraka gauni lake la sikukuu, wala hakuinua macho. Mumewe, Mzee Kibwana, alisimama kumpokea mgeni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika suruali isimdondoke, kwa hiyo alimpa wa kushoto.

"Shikamoo, mzee. Mkanda wako uko wapi?"

"Marahaba. Umepasuliwa, umeungwa, uko kazini."

Lukindo akatoa mkasi, kisha akasita. Bi Zamda alikuwa ameacha kukanyaga, lakini mlio haukukoma. Ulitoka nyumba ya pili, na ya tatu, na ng'ambo ya barabara.

Akawakumbuka wanaume wa mtaa waliomsalimia njiani asubuhi ile, wote kwa mkono wa kushoto. Alidhani ni utovu wa adabu.