Theluji ya Aikande

Tangu serikali ianze kuchukua wafu wote na kuwageuza mbegu za theluji ya Kilimanjaro, Eliakimu hakuwa na kaburi la kupalilia kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mkewe Aikande alirushwa mawinguni ashuke kama theluji, huu mwaka wa nne. "Wakubwa hao," Eliakimu alizoea kusema, "hata maiti hawakuniachia."

Siku hiyo rafiki zake, Ombeni na Kundaeli, walipanda naye mlimani, mbali na njia za watalii, wakamfunga mbao za kutelezea thelujini miguuni kwa mara ya kwanza.

"Kunja magoti, ndugu yangu," Ombeni alimwambia. "Na ukianguka, anguka kama mtu mwenye wajukuu."

Alianguka mara mbili. Mara ya tatu akashuka kweli, na theluji ikamwachia njia, laini kama unga wa ulezi uliochekechwa, mlima mzima ukimeremeta mbele yake. Ilikuwa nzuri, wallahi. Hata yeye na kinyongo chake alikosa neno la kuwatupia wakubwa.

Kwenye lango la kutokea mlimani walinzi walimpiga kila mtu brashi, maana theluji ni mali ya umma, haitoki hata punje.

"Umeionaje, mzee wangu?" mlinzi mmoja aliuliza.

Eliakimu aliitikia kwa kichwa, midomo kaifumba.

"Leo hata kuitukana serikali kasahau," Kundaeli akacheka.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipiga magoti kwenye mgomba alioupanda Aikande, akafungua kinywa. Yakadondoka maji ya theluji, kijiko kimoja tu. Mengine alikwisha kuyameza njiani.