Mistari Iliyosimama

"Siyo hiyo," mama alisema kwa mara ya tano asubuhi ile, na binti yake akauma meno asije akajibu vibaya.

Kazi ya binti ilikuwa kutengeneza vichujio vya picha: programu ndogo zinazofanya gemu ya kale, ikichezwa kwenye kompyuta ya leo, ionekane kama ilivyoonekana kwenye televisheni za zamani. Watu asiowajua walimsifu kutoka kila pembe. Mama yake mzazi, wiki ya tatu sasa, alikuwa hajaridhika.

Na muda haukuwapo. Jicho la kulia la mama lilishazima. La kushoto, daktari alisema, lisingemaliza mwaka. Mama aliomba kitu kimoja tu: amwone tena yule sungura anayeruka mapipa, kama alivyomwona akiwa na miaka kumi na miwili.

Binti akaongeza chenga. Akaacha rangi nyekundu ivuje pembeni. Akaipinda picha kwenye kingo, kama kioo cha kale kilichobinuka.

"Mistari iko wapi?" mama aliuliza.

"Si hii hapa, Mama? Imejaa tele."

"Hiyo imelala. Ninayoikumbuka mimi imesimama. Minene, myeusi."

"Hakuna televisheni yenye mistari ya hivyo." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Labda ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa mpya kabisa. Halafu huo muziki uzime."

Muziki ule ulikuwa umemla siku nne. Akauzima. Akachora mistari minne, minene kama vidole, kutoka juu hadi chini, na kazi yake yote nzuri ikaharibika mbele ya macho yake. Sungura akawa anaonekana vipande vipande.

"Picha ifanye ndogo. Ndogo zaidi. Iwe mbali."

Akaipunguza hadi ikatoshana na kiberiti. Machozi ya hasira yalikuwa yanamlenga.

Mama akavuta kiti, akasogeza uso hadi karibu na kioo. Gemu ilikuwa ikijionyesha yenyewe; kila sungura alipokaribia pipa, midomo ya mama ilitamka, "Ruka," na sungura akaruka.

"Hiyo ndiyo," alisema taratibu.

Binti akashusha pumzi, akamwekea kidude cha kuchezea mapajani. "Haya, Mama. Cheza sasa."

Mama alikigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Sijui kucheza, mwanangu. Mimi nilikuwa uani nafua nguo za wenye nyumba. Dirisha nililochungulia lilikuwa na nondo nne."